Mdogo wangu na mwimbaji wa Mtwapa: nifanye nini?

Mkaazi wa Kisauni:
Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mdogo wangu, dereva wa tuktuk mwenye umri wa miaka 26, amemganda mwimbaji wa klabu moja ya usiku huko Mtwapa, ambaye huimba ushungi ukimfunika nusu ya uso na ambaye hata wahudumu hawalijui jina lake halisi. Kila Ijumaa humtuza mapato yote ya wiki, naye huapa kwamba nyimbo zile anaimbiwa yeye. Juzi nimekuta kisu chini ya kiti cha tuktuk. Aliniambia amekiweka kwa ajili ya mwanamume anayemrudisha yule bibi nyumbani alfajiri. Mama hajui.

Mpiga kinanda:
Waaleikum salaam. Nimewapigia waimbaji kinanda miaka mingi, harusini na klabuni. Mwenye kutuza huinuka kwa ubeti uliomgusa, akatia noti mkononi mwa mwimbaji, na mwimbaji humtazama, akatabasamu, pengine akaurudia ubeti ule. Hiyo ni shukrani ya kazi, lakini mdogo wako ameipokea kama posa iliyokubaliwa. Jina nalo lisikushangaze: hata Siti binti Saad wa Unguja alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Wengi wetu tunaoimba na kupiga ala usiku tuna jina la jukwaani na jina la nyumbani, na la nyumbani tunalilinda. Nakusihi uwaarifu wenye klabu leo hii, kwani kisu kile hakimtishi mwanamume huyo peke yake.

Muuguzi mstaafu, Changamwe:
Mwanangu, kuamini kwamba mtu ambaye hamjawahi kuzungumza anakupenda na anakutumia ishara za siri ni maradhi yanayojulikana. Daktari Mfaransa, Clérambault, aliyaeleza mwaka 1921. Usibishane naye kuhusu mapenzi hayo, maana kila utakalokanusha atalifanya ushahidi. Kiondoe kisu, kisha umpeleke kitengo cha afya ya akili, hospitali ya Port Reitz, ukimwambia unataka atibiwe kukosa usingizi, kwa sababu hilo bila shaka ni kweli.

Mkaazi wa Kisauni:
Ahsanteni sana. Kisu ninacho mimi, na kesho asubuhi tunakwenda Port Reitz. Nimezungumza na meneja wa klabu, akaniambia kwamba yule bibi amekuwa akibadilisha njia ya kurudi kwake tangu Ramadhani, na kwamba anayemsindikiza ni kakake. Siku zote hizi nilimhofia mdogo wangu tu. Yule bibi sikumfikiria hata mara moja.