MREJESHO: Kisima cha pamoja mtaani kwetu Goba

Wakuu, niliomba ushauri hapa: nyumba zetu zinatumia kisima kimoja na LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya pampu tunachanga sawa kwa sawa, hivyo mama mjane anayeishi peke yake analipa sawa na jirani mwenye wapangaji. Iliniuma sana.

Tumefuata ushauri wa mita ndogo za maji. Fundi amefunga moja kwenye kila bomba linalotoka simtanki. Mwisho wa mwezi tunazipiga picha, tunatuma kwenye grupu, na hela ya LUKU inagawanywa kwa uniti (uniti moja ni lita 1,000). Akiba ya matengenezo ndiyo iliyobishaniwa mno. Tumekubaliana kila nyumba itoe sawa, maana pampu ikiungua wote tunakosa maji.

Mita moja ilikutwa inazunguka usiku mabomba yote yakiwa yamefungwa. Kumbe floti ya choo imekufa, maji yanashuka kimyakimya. Mwenye nyumba ameibadilisha.

Kwenye LUKU, yule mama sasa analipia kile anachotumia tu. Nawashukuru kwa dhati.