Utafiti wa taaluma ya nyaraka ulikuaje?

Muulizaji: Wenzangu, naomba kueleweshwa: kazi ya kutunza nyaraka, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ufundi wa kujifunzia kazini, iligeukaje kuwa uwanja wa utafiti wenye majarida na shahada zake za uzamivu?

Jibu la 1: Mwongozo wa Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, uliotoka mwaka 1898, ulielekeza jinsi ya kuifanya kazi hiyo kuliko kuibua maswali ya utafiti. Msukumo mkubwa, kwa maoni yangu, ulitokana na kompyuta: waraka wa karatasi hubeba dalili za uhalisi wake, yaani wino, saini na muhuri, ilhali faili la kidijitali huweza kubadilishwa pasipo kuacha alama inayoonekana kwa macho. Ndiyo maana mradi wa InterPARES, ulioanza mwaka 1999 nchini Kanada chini ya Luciana Duranti, ulijikita katika uhalisi wa nyaraka za kielektroniki.

Jibu la 2: Nakubali, ila tusiipe kompyuta sifa zote. Swali la nani aamue kipi kihifadhiwe na kipi kiteketezwe liliwagawa zamani wataalamu wa nyaraka Jenkinson wa Uingereza na Schellenberg wa Marekani, na, tukisema kweli, bado linawagawa watafiti.

Muulizaji: Nashukuru. Basi nitaanza kusoma kuhusu uteuzi wa nyaraka.