Sabres: misimu 14 nje ya mtoano, makocha wanabadilishwa, mwenye timu ni yuleyule

Wakuu, salaam kwenu. Ni Aprili 2025, msimu wa 2024-25 umekwisha na Buffalo Sabres, timu yetu ya hoki ya barafu hapa Buffalo, New York, tumebaki nje ya mtoano kwa mara nyingine. Mechi 82, tumeshinda 36, pointi 79. Wenzetu wanajiandaa kugombea Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi, sisi tunafungasha vifaa. Kila mwaka nimekuwa nikinyamaza nikisema labda mwakani. Leo hapana. Naomba mnisome hadi mwisho, kisha anayetaka kubishana aje.

Kwa wasiofuatilia hoki ya barafu: ligi ya NHL ina timu 32, na 16 zinaingia mtoano. Nusu ya ligi! Hutakiwi kuwa bingwa, unatakiwa tu usiangukie nusu ya chini. Hadi 2025 Sabres wameshindwa hilo misimu 14 mfululizo, na katika historia yote ya NHL hakuna timu iliyowahi kukaa nje muda mrefu hivyo. Rekodi ya zamani ilikuwa misimu 10. Tuliivunja mwaka 2022 na kila Aprili hadi 2025 tukaiongeza. Kabla ya ukame huu, mara ya mwisho kucheza mtoano ilikuwa 2011, Philadelphia Flyers walipotutoa kwenye mchezo wa saba. Mtoto aliyezaliwa hapa Buffalo mwezi ule alitimiza miaka 14 mwaka 2025 bila kuiona timu ya mji wake ikicheza mechi moja ya mtoano. Rick Jeanneret, sauti iliyotutangazia Sabres tangu 1971, alistaafu 2022 na akafariki Agosti 2023. Mzee yule alimaliza kazi yake akitangaza mechi zisizo na maana miaka kumi na ushee. Hilo linaniuma kuliko kipigo chochote.

Msimu wenyewe ulianzia Prague, mechi mbili dhidi ya New Jersey, zote tukafungwa. Haya, tukasema ni uchovu wa safari. Mwishoni mwa Novemba tulikuwa tumeshinda 11 kati ya 21, watu wakaanza kupiga hesabu za mtoano. Ndipo zikaja mechi 13 bila ushindi hata mmoja, kumi tumefungwa ndani ya muda wa kawaida na tatu baada ya muda huo. Kumi na tatu! Ile ya Colorado tuliongoza mabao manne kwa bila, mbele ya mashabiki wetu, na tukaipoteza tano kwa nne. Pegula, mwenye timu, akaruka hadi Montreal kuzungumza na wachezaji, na usiku ule wakafungwa sita kwa moja. Tulipokuja kuwapiga Islanders saba kwa moja siku mbili kabla ya Krismasi, msimu ulikuwa umeshazikwa.

Sitaki mtu aje hapa aniambie wachezaji hawana uwezo. Tage Thompson kafunga mabao 44 msimu huu. Rasmus Dahlin ni mmoja wa mabeki bora duniani. Alex Tuch ni mtoto wa jimbo hilihili la New York, alikua akiishabikia Sabres, na anacheza kila mechi kwa moyo wote. Golini ndiko tulikovuja, kipa Luukkonen alikuwa na msimu mbaya, sikatai. Lakini kumsukumia kipa mmoja mzigo wa miaka 14 ni kuwaonea huruma wakubwa.

Desemba 2024, katikati ya kile kipigo, Kevyn Adams, aliyekuwa meneja mkuu, aliitisha waandishi wa habari. Akaulizwa kwa nini haleti wachezaji wa kusaidia. Akajibu kwamba Buffalo si mahali wachezaji wanapopakimbilia, hatuna minazi, na kodi za New York ni kubwa. Jamani! Meneja mkuu wa timu yetu anasimama mbele ya kamera na kuuponda mji wetu ili ajitetee yeye. Mashabiki wakaanza kuja uwanjani na minazi ya plastiki ya kupuliza. Wengine walicheka, mimi nilisikia aibu na hasira. Hebu tuulizane: Winnipeg kuna minazi? Winnipeg ni baridi kuliko kwetu, wako Kanada ambako kodi si ndogo, na msimu huuhuu Winnipeg Jets wameongoza NHL nzima kwa pointi 116. Mchezaji hakimbii theluji. Anakimbia kufungwa.

Kwanza wanaoondoka hapa wanakwenda kuwa mabingwa. Nawaomba mlitazame hili kwa makini, kwa sababu ndiyo kiini cha malalamiko yangu.

Ryan O'Reilly alisema wazi mwaka 2018 kwamba kufungwa kila siku kulimfikisha mahali akaanza kupoteza mapenzi yake kwa mchezo. Badala ya kuulizana kwa nini mchezaji mpambanaji kama yule anasema hivyo, tukamwuza St. Louis Julai mosi. Haukupita mwaka, Juni 2019, akanyanyua Kombe la Stanley na kuchaguliwa mchezaji bora wa mtoano mzima. Ndiyo, Thompson alikuja kwetu kwenye biashara ile, nalishukuru hilo, lakini ilichukua miaka kabla hajawa Thompson huyu tunayemjua.

Jack Eichel ndiye anayenikera zaidi. Tukumbuke kwanza tulimpataje. Timu ilibomolewa makusudi, tukashika mkia misimu miwili ili tumpate Connor McDavid, kijana aliyesubiriwa na ligi nzima, kwenye drafti ya 2015 (siku timu zinapochagua wachezaji wapya), ikafika siku mashabiki ndani ya uwanja wetu wanashangilia bao la Arizona. Bahati nasibu ya kupanga nani achague kwanza ikawapa Edmonton McDavid, sisi tukabaki na Eichel, na Eichel si mchezaji mdogo. Akawa nahodha. Mwaka 2021 akaumia diski ya shingo. Akataka awekewe diski bandia, upasuaji ambao hakuna mchezaji wa NHL aliyekuwa amefanyiwa. Timu ikakataa, na kwa mkataba wa ligi na chama cha wachezaji, timu ndiyo yenye neno la mwisho. Naelewa madaktari kuwa na hofu, shingo si kidole. Lakini miezi ilipita kijana amekaa, pande mbili zimenuniana hadharani, Septemba wakamvua unahodha na Novemba wakampeleka Vegas. Vegas wakamwambia sawa, kapasuliwe. Akapasuliwa mwezi huohuo. Juni 2023 alikuwa bingwa, na hakuna mchezaji aliyepata pointi nyingi kwenye mtoano ule kumzidi.

Sam Reinhart tulimpeleka Florida Julai 2021. Msimu wa 2023-24 akafunga mabao 57, na kwenye mchezo wa saba wa fainali, Juni 2024, bao lililoamua ubingwa likawa la kwake. Pembeni yake kwenye timu ileile ya Florida walikuwapo Brandon Montour, Evan Rodrigues na Kyle Okposo, wote wamepita Buffalo. Okposo alikuwa nahodha wetu miezi michache tu kabla ya hapo! Kipa Linus Ullmark aliondoka 2021 mkataba ulipoisha, hatukupata hata senti, na 2023 akiwa Boston akachukua tuzo ya Vezina ya kipa bora wa ligi. Machi 2025 tulimpeleka Dylan Cozens Ottawa, na Ottawa wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2017. Josh Norris tuliyempokea akacheza mechi tatu akaumia. Jeff Skinner, ambaye mkataba wake tuliuvunja kwa kumlipa mwaka 2024, alikwenda Edmonton na 2025 akaona mtoano kwa mara ya kwanza maishani, baada ya mechi zaidi ya elfu moja.

Mnaniambia hawa wote walikuwa wabovu Buffalo halafu wakajifunza hoki njiani wakiwa kwenye ndege?

Sasa tuangalie nani aliyekuwapo muda wote. Lindy Ruff alifukuzwa 2013. Baada yake wakaja Rolston, Nolan, Bylsma, Housley, Krueger, Granato, na 2024 tukamrudisha Ruff yuleyule, kana kwamba kocha ndiye aliyekuwa dawa iliyopotea. Namheshimu Ruff, ndiye aliyetupeleka fainali ya 1999 tukiwa na Dominik Hasek golini, lakini kurudisha mzee wa zamani si mpango. Mameneja wakuu nao: Regier, Murray, Botterill, Adams. Wachezaji sijui mamia mangapi. Mtu mmoja tu hajabadilika. Terry Pegula aliinunua timu Februari 2011, akatangaza kwamba kuanzia siku ile Sabres ipo kwa ajili ya kushinda Kombe la Stanley. Miezi miwili baadaye tukacheza mtoano, na tangu hapo hadi 2025 hakuna.

Juni 2020 alimfukuza Botterill pamoja na watu zaidi ya 20 wa idara ya hoki, wakiwemo wasaka vipaji, na kazi ya meneja mkuu akampa Adams ambaye hakuwahi kuifanya popote. Adams ni mtoto wa kwetu, alishinda Kombe la Stanley akichezea Carolina 2006, sina chuki naye. Ila ukuu wa timu iliyooza si mahali pa mtu kujifunzia kazi. Msimu uliofuata tukacheza mechi 18 mfululizo bila ushindi. 2023 tukakosa mtoano kwa pointi moja, Florida wakapita badala yetu na kufika fainali. Kiangazi kile ndipo palikuwa pa kufungua pochi na kuleta watu wazima kwenye kikosi. Tukaambiwa tuwaamini vijana. Hata msimu wa 2024-25, ligi iliruhusu dola milioni 88 za mishahara, sisi tukaanza tukiwa mamilioni chini ya hapo, na kikosi chetu kilikuwa cha vijana watupu wasio na mtu wa kuwatuliza wakiongoza mabao manne.

Huyohuyo Pegula anamiliki Buffalo Bills, timu ya mpira wa Kimarekani. Kule walikuwa na ukame wa mtoano wa miaka 17, mwaka 2017 wakaleta kocha na meneja waliokuwa wameshafanya kazi kwenye timu zinazoshinda, na Januari 2025 wakacheza mchezo wa mwisho kabla ya Super Bowl, fainali ya ligi yao. Kwa hiyo pesa anayo, na njia anaijua. Kwa nini Sabres haistahili hivyo?

Kuna ndugu kila nikilalamika ananiambia hoki si mchezo wetu, achana nayo. Hapana, kaka. Sisi tulioletwa Buffalo kutoka Nyarugusu na kambi nyingine za wakimbizi, Wakongo na Warundi tuliojaa mtaa wa West Side, watoto wetu wanakulia hapa. Wanaongea Kiswahili nyumbani na shuleni wanajadili Dahlin. Majira ya baridi hapa ni marefu, ukitoka nje saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, na timu ya hoki ndiyo ingekuwa kitu cha kuwakutanisha watu wa mji huu, mgeni na mwenyeji. Nimeona Bills wakishinda jinsi jirani asiyekusalimu mwaka mzima anavyokukumbatia. Watoto wangu wana haki ya kuona hilo kwenye barafu pia.

Ninachodai ni hiki. Pegula aketi mbele ya waandishi wa habari, yeye mwenyewe, ajibu maswali mpaka yaishe. Alete mtu wa nje aliyewahi kuendesha timu ya NHL ikafika mbali, ampe madaraka yote ya hoki kisha akae pembeni. Pesa ya mishahara itumike hadi kikomo. Dahlin alifikisha miaka 25 tu Aprili 2025 na alikuwa ameshacheza misimu saba bila mtoano; tukimpoteza huyu naye, tutamwona amenyanyua kombe mji mwingine.

Hadi msimu huo ulipokwisha, Aprili 2025, hakuna aliyeguswa. Adams alikuwa bado ofisini na maneno yalikuwa yaleyale, tuko karibu, tuwe na subira. Wadau wa Buffalo, Rochester na Toronto mliomo humu, anayeona tuwasubirie msimu wa 15 aje hapa anieleze tunasubiri nini.