Kampuni za kupandisha watu Kilimanjaro acheni kukata siku ya Horombo, mtaua watu

Wakuu nisomeni mpaka mwisho, hili jambo lina roho za watu ndani yake.

Tumepanda Kilimanjaro njia ya Marangu, grupu la wafanyakazi wenzangu, kupitia kampuni moja ya Moshi ambayo jina silitaji kwa sasa. Tulichokubaliana na tukalipia ni siku sita. Siku sita za Marangu kila mtu wa mlimani anajua maana yake, unalala kambi ya Mandara, kambi ya Horombo unalala mara mbili, ndo unaenda kambi ya Kibo, kileleni, unashuka. Ile siku ya ziada Horombo ni ya mwili kuzoea, mnatembea taratibu mpaka Zebra Rocks mnarudi kulala chini. Hiyo ndo siku tuliyoibiwa.

Yani asubuhi tunakunywa uji Horombo, mwongozaji mkuu anakuja anasema pangeni mabegi tunaenda Kibo, tunamuuliza vipi tena, eti bosi kapiga simu vibanda vya Horombo leo vimejaa. Vimejaa wapi wakati kibanda cha jirani yetu kilikuwa wazi, magodoro manne hayana mtu, tumeenda kuchungulia wenyewe. Tukabishana weee, mwisho akasema anayetaka kubaki abaki ila chakula na wagumu (wabeba mizigo wetu) vinaenda Kibo. Hapo unafanyaje?

Kwa wasiojua, hesabu yenyewe iko hivi. Kutoka usawa wa bahari Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila siku unapandishwa mita elfu nzima, wakati ushauri wa kitaalamu ni kwamba ukishavuka mita 3,000 sehemu unayolala isipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Kwaiyo hata hizo sita zenyewe ni za haraka, alafu mtu anazikata zibaki tano na usiku huohuo anataka mpande mpaka kileleni mita 5,895 ambako oksijeni ni kama nusu ya ile ya Dar.

Matokeo tukayaona Kibo. Dada mmoja wa kwetu kichwa kilianza kumuuma tukiwa kwenye lile jangwa kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, kufika kambini anatapika kila anachomeza. Jioni nikamkuta kakaa kitandani kashika kamba za viatu anazizungusha tu vidoleni, kufunga hawezi, namuuliza dada vipi ananijibu habari za gari la ofisini limechelewa. Akisimama anayumba. Ule sio uchovu wakuu, ubongo unavimba pale, na dawa yake ya kwanza ni kushushwa saa hiyohiyo. Mwongozaji mkuu anasema apewe panadol alale, sisi tutoke saa sita usiku tukirudi tutamkuta. Mungu ambariki mwongozaji msaidizi, kijana mdogo tu, alikataa katakata mbele ya mkubwa wake, akachukua wagumu na ile machela ya tairi moja wakamshusha gizani mpaka Horombo. Alfajiri akaanza kuongea vizuri. Angeachwa pale mimi leo ningekuwa naandika kitu kingine.

Na wagumu nao wanaonewa sana. Sheria ya hifadhi mgumu asizidishe kilo 20, getini mzani upo na walipimwa vizuri tu, tulivyosogea kidogo msituni wawili wakarudishwa na mizigo yao ikagawiwa kwa waliobaki. Baba mtu mzima kabeba begi langu na mtungi wa gesi juu yake, raba za miguuni zimeachama mbele. Alafu Kibo hakuna maji, yote yanabebwa na watu kutoka chini, kwaiyo ukipunguza wagumu umepunguza maji. Tulikuwa tunapimiwa kikombe, sehemu ambayo mtu anatakiwa anywe maji mengi kuliko kawaida.

Kilichonimaliza kabisa ni getini tukitoka. Nikaomba nione kibali, kimeandikwa siku TANO. Ada ya hifadhi inalipwa kwa siku na vibanda kwa usiku, maana yake bosi alijua tangu anafanya malipo, habari za vibanda kujaa ni uongo uliopangwa kabla hatujatoka Moshi. Hela ya siku yetu iko mfukoni kwake. Tumempigia anajibu mbona wengi wanapanda siku tano na wanafika. Wanafika waliochagua wenyewe wakijua, sisi tulilipia sita!

Tunataka hela ya hiyo siku irudi, matibabu ya dada yetu ayalipe yeye, na wale wagumu walipwe ule mzigo wa wenzao waliorudishwa. Malalamiko tunapeleka KINAPA, wasimamizi wa Hifadhi ya Kilimanjaro, kwa maandishi.

Na nyie mnaojipanga kupanda, msivuke geti kabla hamjashika kibali mkononi mkahesabu siku, na usiku uliolipiwa kila kambi. Waliokatiwa siku kama sisi wekeni picha za vibali vyenu hapa, majina yafuteni kwanza, tuzipeleke pamoja.