Lami ya nyumbani Njiro imepauka na kupasuka: nipake mwenyewe au nimwite fundi?

Kijana wa Njiro:
Habarini wakuu. Naomba ushauri kwa mliowahi kushughulika na lami ya ndani ya uwanja, siyo ya barabara kubwa.

Nyumba ni ya bi mkubwa, hapa Njiro, Arusha. Marehemu mzee alimwaga lami ya moto kutoka getini hadi barazani mwaka 2014, urefu mita 30, upana mita 4. Miaka ya mwanzo ilikuwa nyeusi tii. Sasa imepauka, kokoto zinajitokeza, na ukifagia unazoa mchanga mweusi. Kuna nyufa nyembamba zinazokatiza njia, na karibu na geti kuna kipande cha kama mita mbili kwa mbili ambacho kimepasukapasuka chote.

Fundi wa kwanza anataka kupaka yote ndani ya siku moja, na bei yake imenipa mawazo. Wa pili anasema tununue pipa la lami, tulichemshe hapohapo kwa kuni, vijana wapake kwa mafagio. Jirani anasema nipige oili chafu tu, weusi utarudi. Mjomba aliyeko Marekani anashangaa kwa nini nahangaika, maana kule watu wananunua ndoo dukani na kupaka wenyewe.

Bi mkubwa ana kuku na bustani ya mchicha pembeni ya njia hiyo, hivyo sitaki kitu cha sumu. Nguvu ninayo, na wadogo zangu wapo likizo. Nifanye mwenyewe au nimpe mtu? Natanguliza shukrani.

Mangi wa Rau:
Ng'oa, weka pevingi. Ikiharibika unabadilisha tofali moja moja.

Kijana wa Njiro:
Mkuu, kung'oa mita za mraba 120 na kujenga upya sina uwezo kwa sasa. Na bi mkubwa anaipenda, ni kazi ya mzee.

Dada Moramu:
Pole na majukumu, kaka. Nimefanya kazi saiti za barabara, upande wa maabara ya vifaa, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Tuanze na jirani. Oili chafu usiiguse. Lami ni zao la mafuta ya petroli, na oili, dizeli na mafuta ya taa vyote huilainisha. Utapata weusi wa wiki chache, halafu kokoto zitaanza kung'oka. Mvua ikinyesha, oili hiyo itaelea hadi kwenye mchicha na wanapodonoa kuku.

Fundi wa pipa naye mkatae. Lami ngumu ya pipa inahitaji joto la karibu nyuzi 150 ili itiririke vizuri. Maji kidogo yakiingia ndani yake yanageuka mvuke ghafla, lami inafura na kumwagika juu ya moto. Ikimrukia mtu inaganda kwenye ngozi na kuendelea kumuunguza. Ikitokea hivyo, mwagieni maji baridi kwa muda mrefu, msiibandue, na mkimbizeni hospitali. Hata mkimaliza salama, lami tupu bila mchanga inateleza ikilowa, na jua likiwaka inanata kwenye matairi.

Kinachofaa nyumbani ni lami ya maji, ile ya chembe ndogo za lami zilizochanganywa na maji, wahandisi huiita imalsheni. Hupakwa bila kuchemshwa, maji yanakauka na lami inabaki. Mwambie muuzaji unataka ya kupaka juu ya lami ya zamani, na usome maelekezo ya kwenye chombo kabla ya kuongeza maji.

Ila elewa kazi yake. Jua na hewa hukausha lami mpaka inakuwa ngumu na kuvunjika kirahisi, ndiyo maana imepauka. Koti la juu linakinga jua na kuzuia maji yasipenye kwenye nyufa nyembamba. Haliongezi nguvu hata kidogo. Kwa hiyo kabla hujaamua nani apake, nijibu: hapo getini maji ya paa yanaangukia wapi, na gari zito kuliko yote linaloingia ni lipi?

Kijana wa Njiro:
Dada, umenigusa penyewe. Bomba la gata linamwaga maji karibu kabisa na hapo. Na maji ya bomba yakikatika tunaita boza la lita 10,000, linasimama hapohapo getini kwa sababu ndani haligeuki.

Dada Moramu:
Basi jibu umelitoa mwenyewe. Lita 10,000 ni tani 10 za maji, bado hujahesabu lori. Lami ya nyumbani huwa nyembamba, na gata linailowesha moramu ya chini mwaka mzima. Nyufa za vipande vidogo namna hiyo sisi tunaziita ngozi ya mamba, na maana yake ni kwamba chini kumelegea. Ukipaka juu, utakuwa umeficha ugonjwa.

Kipande hicho ndicho cha kumwita fundi, tena mwenye mashine ya kushindilia. Akate pembe nne zilizonyooka, atoe moramu iliyolowa hadi akute udongo mgumu, ajaze moramu kavu kwa tabaka na kushindilia kila tabaka. Kisha apake lami ya maji kwenye kingo ili kiraka kishike, ndipo aweke lami mpya. Na gata lihamishwe kwanza, kabla ya yote hayo.

Zilizobaki, zile mita 100 na ushee, fanya na wadogo zako.

Mama K wa Soweto Moshi:
Mwanangu, mimi niliwapa kampuni, sitaitaja. Walikuja Aprili, wakapaka asubuhi kukiwa na mawingu. Jioni mvua ikashuka, weusi wote ukaenda mtaroni na mwingine ukaingia barazani kwangu. Walikuwa na ndoo mbili tu kwa uwanja mzima, na mimi sikujua kama ni chache. Ukimpa mtu kazi, muulize analeta lita ngapi.

Dada Moramu:
Asante mama, hilo ni muhimu sana. Kwa makadirio, koti moja hula kama nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa mita ya mraba, kutegemea uso ulivyo mkavu na mkwaruzo wake. Eneo la mita 116 litakula kama lita 70 kwa koti, na makoti ni mawili. Anayekuja na lita 40 kwa kazi yote ataongeza maji mpaka ionekane imetosha.

Mzee wa Ilboru:
Nyongeza, kijana. Kazi kubwa ni kusafisha. Ng'oa nyasi kwenye nyufa pamoja na mizizi, piga brashi ya waya, osha kwa mashine ya kuoshea magari, halafu uache pakauke kabisa. Palipodondoka oili ya gari sugua kwa sabuni ya unga hadi maji yasiwe na utelezi, la sivyo koti litabanduka hapo. Nyufa zaidi ya milimita 3 ziba kwanza kwa dawa ya kuzibia nyufa za lami, na uiache ishike. Kupaka tumia skwiza ya mpira, ile ya kusukumia maji sakafuni, ukianzia barazani kurudi nyuma kuelekea getini. Koti jembamba mara mbili linashinda koti nene moja, kwa sababu nene linakauka juu huku ndani bado bichi.

Kijana wa Njiro:
Shikamoo mzee, nimekuelewa vizuri. Na zile ndoo za Marekani anazosema mjomba? Anataka kunitumia.

Dada Moramu:
Asitume kabla hujasoma lebo. Kule kuna aina mbili: ya lami ya petroli, na ya lami inayotokana na makaa ya mawe. Hii ya pili ina kemikali zinazosababisha saratani, na mvua huzisomba hadi kwenye udongo na mito. Mji wa Austin, Texas, umeipiga marufuku tangu 2006, na jimbo la Washington lilifuata 2011. Kwa nyumba yenye kuku na mboga, hapana. Hata hiyo ya maji, weka kingo za mchanga upande wa bustani na ufungie kuku mpaka ikauke.

Mangi wa Rau:
Nakubali, kwa maelezo haya pevingi zisubiri. Kaka, angalia majira. Sasa hivi Julai huko Arusha ni baridi na manyunyu, itachelewa kushika.

Kijana wa Njiro:
Nashukuru sana wote. Nahamisha gata wiki hii, natafuta fundi wa kiraka, halafu Septemba tunapaka kabla ya vuli. Dada, je, nipake na kiraka siku hiyohiyo ili rangi ifanane?

Dada Moramu:
Hapana, kiraka cha lami ya moto kiache miezi sita angalau kabla ya kukipaka, kwa hiyo rangi zitapishana kwa muda. Mweleze bi mkubwa mapema. Siku ya kupaka anzeni umande ukishakauka, mmalize koti la kwanza kabla ya saa tisa alasiri, la pili kesho yake. Baada ya hapo gari lisipite kwa saa 48. Na boza lisiingie tena ndani, lisimame nje na mpira mrefu uvutwe hadi kwenye tangi.