Manesi wa naiti: sukari na kitambi ni kazi au ni chips?

nesi_wa_labour:
Habari zenu wakuu. Mimi nesi, wodi ya wazazi hospitali moja ya mkoa. Tangu watu wapungue rosta imekuwa naiti juu ya naiti, tunaingia saa moja na nusu jioni kutoka ni asubuhi, na ukifika nyumbani watoto hawajui kama mama kakesha. Sasa kiuno kinaongezeka, uniform zinabana, na juzi nimejipima sukari kwa glukomita ya wodini saa kumi na mbili asubuhi kabla sijatoa ripoti ikasoma 6.4, presha 134/86. Nina miaka 36 na mama ana kisukari. Wenzangu wanasema uchovu tu huo. Swali langu, naiti yenyewe inapandisha sukari au ni hivi vyakula tunavyokula? Msio wa fani karibuni pia ila majani ya mstafeli sitaki.

DaktariMstaafu:
Sista, mara ya mwisho ulikula saa ngapi?

nesi_wa_labour:
Saa tisa usiku dokta, chapati mbili na chai ya maziwa.

DaktariMstaafu:
Basi hiyo siyo ya njaa, ya njaa unataka masaa manane bila chakula na wewe ulikuwa na matatu tu. Rudia siku ya ofu baada ya kulala usiku. Ikiwa chini ya 5.6 uko salama, ikifika 7 rudia siku nyingine kuthibitisha, hapo katikati ndo pa kuanza kujibana. Au pima ile HbA1c, kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ila kama una upungufu wa damu au selimundu inaweza kukudanganya. Presha usiipime umesimama usiku kucha, kaa dakika tano kwanza. Na chukua futi ya fundi cherehani pima kiuno, kwa mwanamke sentimita 80 kwenda juu ni ya kuangalia.

Kuhusu swali lako, kuna utafiti wa manesi wa Marekani ulioanza 1976, wakaongeza kundi jingine 1989. Mwaka 2011 walitoa matokeo ya manesi zaidi ya 170,000, waliofanya naiti za kupokezana miaka 20 na zaidi hatari ya kisukari aina ya pili ilikuwa juu kwa kama 58% kuliko wasiofanya kabisa, lakini walipouondoa uzito kwenye hesabu ikashuka hadi kama 24%. Kwa hiyo sehemu kubwa inapitia kwenye kitambi, ila inayobaki siyo ya kitambi.

Mama Kulwa:
Dokta umesema vizuri ila hebu tuongee ya wodini. Kantini inafungwa jioni, getini kuna chips mayai na soda basi, na wewe uko peke yako na wagonjwa arobaini, utakula nini kama siyo kilichopo? Mi nilikuwa nabeba ugali na mboga kwenye hotipoti nakula kabla sijaingia, wenzangu wakanicheka eti mshamba.

kijana_wa_maabara:
Mama Kulwa ulikuwa sahihi bila kujua. Usiku melatonini, homoni ya usingizi, ikipanda kongosho linatoa kidogo insulini, ile ya kushusha sukari, chapati ile ile ukiila saa tisa usiku inapandisha sukari kuliko ya mchana. Marekani 2021 watafiti waliwaweka watu wachache maabara wakakesha kama wa naiti, waliokula usiku sukari yao ikaharibika, waliokula mchana tu ikabaki sawa.

Mama Kulwa:
Maabara mwanangu, maabara! Huko hakuna mtu anayezalisha pacha wametanguliza makalio saa tisa usiku. Kukaa na njaa kabisa mikono inatetemeka.

kijana_wa_maabara:
😂 Sawa mama, basi yai la kuchemsha au karanga kidogo, soda ibaki getini.

nesi_wa_labour:
Asanteni sana. Jumapili niko ofu, nitapima nilete majibu hapa. Nilitaka pia niombe kupunguziwa naiti ila inchaji, mkuu wa wodi, mwenyewe wiki hii nimemkuta anashika naiti ya mtu.