Mjadala: Je, filamu mpya za Planet of the Apes zimezisaliti zile za zamani?

Wapenzi wenzangu wa filamu za kubuni za kisayansi,

Hoja iliyowekwa mbele yetu inasema kwamba mfululizo wa Planet of the Apes, yaani filamu za Marekani kuhusu sokwe wanaochukua utawala wa dunia kutoka kwa binadamu, ulioanzishwa upya mwaka 2011 umeupotosha ule wa miaka ya 1968 hadi 1973: kwamba filamu za kwanza zilikuwa na fikra na ujasiri wa kisiasa, ilhali hizi mpya zina kompyuta na machozi tu. Nimeifuata hadithi hii tangu enzi za kanda za VHS katika vibanda vya video vya Kampala, ambako veejei alitutafsiria kwa Kiganda huku akiongeza maoni yake mwenyewe, na filamu zile za zamani ninazipenda hadi leo. Hata hivyo naipinga hoja hiyo, na sababu yangu kubwa haijaguswa na yeyote kati ya waliotangulia kuchangia.

Kwanza niwape wapinzani wangu haki yao. Filamu ya 1968, iliyoongozwa na Franklin J. Schaffner kutokana na riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle ya mwaka 1963, ilikuwa kazi ya kishujaa kwa wakati wake, na nyuso za sokwe alizozibuni John Chambers zilimpatia tuzo ya heshima ya Oscar. Filamu wanayoitegemea zaidi katika hoja yao, lakini, ni ya nne, Conquest of the Planet of the Apes ya mwaka 1972. Humo sokwe wamegeuzwa watumwa wa mjini, wananunuliwa na kupigwa, hadi Caesar, sokwe anayeweza kusema, anapowaongoza kuasi. Waliomaliza kuitazama walielewa mara moja kwamba ilikuwa ikizungumzia Wamarekani weusi na machafuko ya Watts, mtaa wa watu weusi jijini Los Angeles, ya mwaka 1965. Mwisho wake wa awali, ambapo gorila wanampiga gavana hadi kufa, ulionekana mkali mno mbele ya watazamaji wa majaribio, ukabadilishwa, na Caesar akaongezewa maneno ya huruma. Nakubali kwamba hakuna filamu kati ya hizi mpya iliyowahi kuwatia watengenezaji wake hofu ya namna hiyo.

Lakini tuutazame ujasiri huo kwa macho yetu sisi. Ili kuzungumzia mateso ya mtu mweusi, filamu ile ilimvika sura ya sokwe. Yupo hata mhusika mweusi, MacDonald, msaidizi wa gavana, ambaye Caesar anamweleza kwamba yeye, mzao wa watumwa, kuliko watu wote anapaswa kuelewa. Sina shaka kwamba nia ya waandishi ilikuwa njema na kwamba walikuwa upande wa wanaoonewa. Nia hiyo, hata hivyo, haiondoi ukweli kwamba kumlinganisha Mwafrika na sokwe ni tusi la karne nyingi, ambalo hadi leo wachezaji weusi wa soka wanarushiwa katika viwanja vya Ulaya kwa milio ya kuigiza wanyama. Mtazamaji wa Marekani anaweza kuuita ulinganisho huo mafumbo na kuendelea na safari yake. Mtazamaji wa Jinja au Mbarara anaombwa ajitambue katika mnyama ili amhurumie binadamu mwenzake, na mimi sioni kwa nini tuendelee kuusifu ujasiri ambao gharama yake tunalipishwa sisi.

Filamu ya 2011, Rise of the Planet of the Apes, iliukata uhusiano huo, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote iliyoyafanya. Inaanza msituni, kwa majangili kuwawinda sokwe, na sokwe wa aina ile hawaishi porini popote nje ya Afrika. Jike mmoja anakamatwa na kupelekwa katika maabara ya kampuni ya dawa huko San Francisco, ambako anauawa akimlinda mwanawe, ambaye hakuna aliyejua kwamba amezaliwa. Mtoto huyo ndiye Caesar. Hapa sokwe hamwakilishi mtu yeyote. Ni sokwe mwenyewe, aliyeporwa kwao, na swali linalotukabili ni sisi binadamu tuna wajibu gani kwake. Swali hilo Uganda si la kubuni. Katika kisiwa cha Ngamba, ndani ya Ziwa Nyanza, kuna hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya sokwe mayatima waliookolewa kutoka kwenye biashara haramu, na kila anayeifahamu biashara hiyo anajua kwamba ili kumpata mtoto mmoja akiwa hai, wawindaji huua mama yake na mara nyingi jamaa wengine wanaojaribu kumtetea.

Kuna jambo la pili ambalo nashangaa kuona linapitwa. Katika filamu za zamani binadamu walijiangamiza kwa vita vya nyuklia. Katika hizi mpya wanaangamizwa na kirusi, na tunajua filamu za Marekani zimezoea kukitoa wapi kirusi: katika msitu wa Afrika, mgongoni mwa tumbili. Nchi yetu inaujua uzito wa sifa hiyo, kwa sababu kirusi cha Zika kinabeba jina la msitu ulio karibu na Entebbe, ambako kiligunduliwa mwaka 1947, na mlipuko wa Ebola wa Gulu wa mwaka 2000 ungali katika kumbukumbu za familia nyingi. Filamu hii ikasema kinyume. Sokwe alitoka msituni akiwa mzima. Ugonjwa ulitengenezwa na wasomi waliokuwa wakitafuta dawa ya Alzheimer, maradhi ya kupoteza kumbukumbu, ukaharakishwa na tamaa ya faida, kisha ukasambazwa duniani na rubani aliyeambukizwa. Anayesema mfululizo huu hauna siasa hajaitazama sehemu hiyo kwa makini.

Kuhusu lawama ya kompyuta sitasema mengi. Andy Serkis aliigiza Caesar kwa mwili na uso wake mwenyewe katika filamu tatu, na teknolojia ya kunasa mienendo ya mwigizaji ikaihamisha kazi hiyo kwenye umbo la sokwe. Hakuna sokwe hai aliyefungwa kamba wala kuchapwa ili hadithi ya sokwe aliyefungwa isimuliwe, na hilo peke yake linanitosha. Toleo la Tim Burton la 2001 naliacha kando, kwa kuwa hakuna upande unaolitetea.

Sheria ya sokwe wa filamu hizi, kwamba sokwe hamuui sokwe, nayo inafaa kupimwa. Imo katika filamu ya 1973, ambako anayeivunja ni jenerali Aldo, gorila aliyechorwa kama mwovu tangu mwanzo. Katika Dawn of the Planet of the Apes ya 2014 anayeisaliti ni Koba, bonobo (jamaa wa karibu wa sokwe) ambaye mwili wake umejaa makovu ya maabara, na chuki yake ina chanzo tunachokiona. Watafiti wa kundi la sokwe la Ngogo, katika Hifadhi ya Kibale hapa Uganda, walichapisha mwaka 2010 matokeo ya uchunguzi wa miaka kumi uliothibitisha kwamba madume wa kundi hilo hupiga doria kimyakimya, huua sokwe wa makundi jirani, na hatimaye walilipanua eneo lao kwa asilimia 22. Kwa hiyo Caesar anapogundua kwamba sokwe wanafanana na binadamu kuliko alivyodhani, anagundua jambo ambalo Kibale limeandikwa na kupimwa.

Mimi pia nina lawama yangu kwa mfululizo huu, na ni nzito kuliko ile ya wapinzani. Baada ya dakika chache za mwanzo, msitu wa Afrika haurudi tena. Filamu ya 2014, ya 2017 na ile ya 2024, zote zinabaki Amerika, kana kwamba sokwe wenye akili walizaliwa katika vizimba vya California. Kirusi kimezunguka dunia nzima, kinawaua binadamu na kuwapa sokwe uwezo wa kusema. Je, hakikufika msitu wetu wa Budongo? Uganda ina sokwe wapatao 5,000, idadi inayozidi kwa mbali jeshi lolote tuliloonyeshwa likivuka daraja la Golden Gate. Tena wanaishi katika hali ambayo mwandishi wa filamu angehangaika kuibuni. Katika maeneo ya Hoima na Kagadi misitu imekatwa kupisha mashamba, na sokwe waliobaki katika vipande vidogo vya miti huingia bustanini kutafuta mafenesi na ndizi, hunaswa na mitego ya nyaya iliyotegewa wanyama wengine, na wakati mwingine huwajeruhi au kuwaua watoto wa wakulima. Mama anayeogopa kumtuma mwanawe kisimani ana haki. Sokwe aliyenyang'anywa msitu naye ana haki. Mgogoro kati ya Caesar na wakazi wa San Francisco kuhusu bwawa la umeme ni mwepesi ukiuweka kando ya huo.

Wanaoutetea mfululizo wa zamani husema warithi wameogopa kuuliza maswali magumu. Nakubaliana nao kwamba swali moja limekwepwa, ila si lile wanalolitaja. Basi naomba wanaoendeleza mjadala huu wajibu mambo mawili. Je, kuna njia ya kuitetea Conquest mbele ya mtazamaji wa Kiafrika bila kumtaka avumilie ulinganisho ule? Na kama Proximus, mfalme wa sokwe katika filamu ya 2024, anaweza kuyapindisha maneno ya Caesar vizazi vingi baada ya kifo chake, sokwe wa Kibale, ambao hawakuwahi kumsikia Caesar wala kumhitaji, wangeishi kwa sheria ipi?